Mafuta ya Vuli ya Baba Shani

Wanangu mnaorithi kazi hii, mliponiomba niwaandikie habari za kazi ya mafuta ya kunukia niliwajibu kwamba nimeishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea kuandika vibandiko vya chupa tu. Mkasema niandike hivyo hivyo. Basi nitaandika kama ninavyozungumza, na nitaanza na jambo ambalo wengi wenu hamlijui kwa sababu nililificha. Kwa karibu mwaka mzima nilifanya kazi hii bila pua.

Pua mnayoiona usoni ilikuwepo. Ilikuwa haifanyi kazi.

Ili mnielewe, lazima mjue kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini. Hapa Kilosa watu walinijua kama mtengenezaji wa mafuta, lakini kutengeneza hata wifi yangu Mwanahawa alikuwa anaweza. Kazi yangu hasa ilikuwa kujaribu. Kila msimu tulikuwa na mafuta yake, na hakuna chupa iliyotoka nyumbani kabla sijayapaka mwilini mwangu siku tatu na kujua yanasema nini. Kwenye kila chupa niliandika kwa kalamu: Nimeyapaka mwenyewe siku tatu. Kibandiko hicho ndicho kilichouza. Chupa nzuri kila mtu anazo.

Aliyenifundisha ni Bi. Zaina, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa Pwani, aliletwa huku na mume wake aliyekuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Mume alipofariki yeye hakurudi kwao, akabaki na mitungi yake na miche ya asmini aliyoipanda nyuma ya choo, kwa sababu, alisema, pale ndipo inapohitajika zaidi. Mimi nilikuwa msichana wa kumchotea maji. Siku moja alinipaka tone moja ndani ya kiwiko akaniambia niende zangu, nirudi adhuhuri nimwambie kimetokea nini. Nilirudi nikamwambia yananukia vizuri. Akanifukuza.

"Vizuri siyo harufu," alisema. "Rudi ukanuse tena."

Yeye alisema mafuta ni nyumba. Ukipaka sasa hivi, uko mlangoni. Ngoja mpaka chai ichemke na inywewe, umeingia ukumbini. Rudi baada ya kusali sala mbili, hapo uko chumbani. "Wateja wote wananunua wakiwa mlangoni," aliniambia. "Wewe unalipwa kuwaambia chumbani kukoje." Tulicheka sana wasichana tuliokuwa pale, naye akatutazama kama hajui tunacheka nini. Alijua.

Nawaambia sasa mafuta yetu yalivyokuwa, kama nilivyoyajua kwenye ngozi yangu.

Ya kiangazi yalikuwa mchaichai, mrehani na maganda ya ndimu. Mlangoni yanakupokea kwa kelele, unahisi kama mtu amekumwagia maji ya kisima usoni. Ukumbini mchaichai unaanza kuaga, unabaki mrehani, nao una ukali kidogo kama jani lililosuguliwa. Chumbani hamna kitu. Mume wangu, Baba Shani, alipoyapaka mara ya kwanza alisema, "Haya yamefika mlangoni, yamepiga hodi, yameondoka." Tuliyauza kwa bei ya chini na tukawaambia watu ukweli, wapake mara tatu kwa siku.

Ya kipupwe yalikuwa karafuu, mdalasini na maganda ya machungwa yaliyokaushwa. Haya ni mafuta mazito, yanaingia chumbani na kukaa mpaka kesho yake, na shuka lako litajua. Lakini hayo hayo ndiyo yaliyonitia aibu yangu ya kwanza. Mwaka huo nilizidisha karafuu, na kwa kuwa nilikuwa na haraka niliyajaribu kiganjani. Mjue, kiganja changu ni cha mtu anayelima. Jembe limekifanya kigumu kama soli. Hakikuhisi kitu. Nikayauza. Wiki hiyo hiyo nikaitwa Ulaya, kijiji cha hapa hapa Kilosa, bibi harusi ametoka vipele shingo nzima siku ya kuingizwa ndani. Nilikwenda kwa baiskeli ya mume wangu. Mama yake yule binti hakunitukana. Alinishika mkono, akaukunjua, akatazama kiganja.

"Ulijaribia hapa?" aliuliza.

"Ndiyo, dada."

"Binti yangu hajashika jembe mwaka mzima. Tulikuwa tunamtunza."

Tangu siku hiyo nikawa najaribia ndani ya kiwiko na nyuma ya sikio, siku tatu, na tangu siku hiyo nikaanza kuandika kile kibandiko. Msifikiri kilitokana na ujanja wa biashara. Kilitokana na shingo ya mtoto wa watu.

Ya masika yalikuwa asmini peke yake. Unachuma jua likishakausha umande, unayalaza maua kwenye mafuta ya ufuta, unafunika na kitambaa chepesi, kesho unayatoa unaweka mengine, siku saba. Maji ndiyo adui. Nilipokuwa mwanafunzi nilichuma alfajiri maua yakiwa yamelowa, kwa sababu nilitaka kuonekana mchapakazi. Mtungi mzima ulichacha. Bi. Zaina hakumwaga. Alisema mafuta yaliyochacha hayapakwi mtu wala hayauzwi, lakini bawaba za mlango hazina pua. Alinipa mtungi na unyoya wa kuku nikazunguka mtaa mzima nikipaka bawaba za watu, na kila mlango nilieleza kosa langu kwa mdomo wangu. Kwa muda mrefu baadaye, mtu akifungua mlango bila kelele alikuwa ananikumbuka.

Kuhusu ya vuli nitasema taratibu, kwa sababu ndiyo yenye habari hii.

Ya vuli hayana ua ndani yake. Yanatokana na udongo wa kichuguu uliokaushwa juani kiangazi kizima. Unauweka kwenye chungu juu ya moto mdogo, moto mdogo sana, unaunyunyizia maji kidogo, na mvuke wake unaupokea kwa kitambaa kilicholowekwa mafuta ya ufuta na ubani kidogo. Unakamua, unaacha yatulie, unayaondoa maji chini. Ukifanya sawasawa, mlangoni unapata vumbi. Watu wengi hukunja uso hapo. Subiri. Ukumbini inanyesha. Ni ile mvua ya kwanza ya mwaka ikigusa uwanja mkavu, ile inayowatoa watu ndani wakasimama barazani bila sababu. Chumbani ubani unabaki, baridi, kama nyumba iliyofagiwa.

Baba Shani hakupaka kingine. Alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, na kila Ijumaa alipaka tone moja nyuma ya kila sikio. Kwake yeye chumbani hapakuwa na ubani. Palikuwa na solusheni ya kuzibia mipira, kwa sababu ilikuwa imemwingia kwenye vidole kwa miaka yote ile na haikutoka kwa sabuni yoyote. Mvua, halafu solusheni. Ukiniuliza ndoa yetu ilinukiaje, ilinukia hivyo.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa unalia. Kila akiingia unalia. Nilimwambia miaka na miaka aupake grisi. Alijibu, "Grisi ni ya baiskeli za watu. Mwenye mafuta humu ndani ni wewe." Mimi nikajibu kwamba mafuta yangu ni ya kunukia, siyo ya kupaka vyuma. Tukaacha hivyo, mlango ukaendelea kulia.

Alifariki masika yalipoanza. Aliugua siku chache tu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Wale ambao siyo Waislamu huenda hamjui eda. Mwanamke aliyefiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hapaki manukato. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuvumilia. Kwangu lilikuwa kufunga mkono wa kazi. Na ulikuwa ndio wakati wa asmini. Wifi Mwanahawa, dada yake marehemu, alikuja siku ya saba na mkokoteni akahamisha mitungi yote kwake, ili isinisumbue. Alifanya kwa heshima. Aliniachia chupa moja tu kwa sababu sikumruhusu aiguse: chupa ya vuli ya Baba Shani, ikiwa imebaki nusu.

Sikuifungua. Kunusa hakuna aliyenikataza, lakini niliogopa kwamba nikinusa nitapaka. Nikaiweka kwenye sanduku, ndani ya kofia yake, nikajiambia siku nitakayotoka eda nitaifungua na nitamkuta humo. Miezi ile minne niliivuka kwa ahadi hiyo. Siku za mwanzo nakumbuka kofia ilikuwa bado ina harufu yake. Baadaye ikawa haina, nami nikadhani ni kofia iliyopoa.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja kuniogesha. Wakanivika khanga mpya, wakanifukiza udi, na Mwanahawa akanipaka asmini ya masika ile aliyoitengeneza peke yake. Alinipaka ndani ya kiwiko, kama inavyotakiwa, akasimama mbele yangu kama mwanafunzi anayesubiri maksi.

"Sema, wifi," aliniambia. "Niue au nisamehe."

Nilinyanyua mkono nikanusa. Hapakuwa na kitu. Nilinusa tena. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Nikatazama moshi wa udi unaopanda mbele ya macho yangu, nikauvuta, nao haukuwa na kitu. Wanawake kumi na zaidi walikuwa wananitazama.

"Yamekaa vizuri," nikasema.

Vizuri siyo harufu. Nilisikia sauti ya Bi. Zaina wakati nasema. Mwanahawa alifurahi mpaka akapiga kigelegele.

Walipoondoka nilifungua sanduku, nikafungua ile chupa. Nililia, na siyo kwa sababu mnayofikiri. Nililia kwa hofu. Nilikuwa nimepoteza njia ya pekee niliyokuwa nayo ya kumkumbuka yule mtu bila kutumia picha. Picha tunayo moja, na ndani yake amekunja uso kwa sababu ya jua.

Siku zilizofuata nilijipima kama mwizi, mlango ukiwa umefungwa. Kitunguu, hakuna. Mafuta ya taa, hakuna. Nilisaga karafuu nikaivuta mpaka nikapiga chafya, na chafya ilikuja lakini harufu haikuja. Niliamka kila asubuhi nikinusa mto kabla sijafumbua macho. Nilikwenda hospitali, daktari akanitazama kwa taa, akaniuliza kama niliumwa mafua makali. Labda niliumwa, nani anahesabu mafua akiwa kwenye msiba. Alisema inaweza kurudi, inaweza isirudi, na nisije nikawasha gesi nikiwa peke yangu.

Mwanahawa aligundua kwa sababu ya maharage. Aliingia uani akanikuta nimekaa karibu na sufuria, nachambua mchele, na sufuria inatoa moshi.

"Wifi, unapika au unafukuza nyuki?"

Ndipo nikageuka nikauona moshi. Akaipua sufuria, akarudi, akachuchumaa mbele yangu. Akachukua kipande cha limau akakiweka chini ya pua yangu huku amenifumba macho kwa kiganja. Aliniuliza ni nini. Sikujibu. Alikaa chini mavumbini na nguo yake nzuri.

"Tangu lini?"

Nikamwambia sijui. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba sijui ilizimika siku gani. Mtu akizima taa ndani ya nyumba yako, unapaswa kujua.

Tulikubaliana tusiseme. Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipoanza, na nawaomba mlisome vizuri. Vuli ilikuwa inakaribia. Kule Mikumi alikuwepo mteja wetu mkubwa, Mama Neema, mwenye duka kando ya barabara kuu wanaposimama wasafiri na wageni wanaokwenda kuangalia wanyama. Kila vuli alichukua chupa arobaini. Mwanahawa akatengeneza. Mimi niliyapaka siku tatu, ndani ya kiwiko na nyuma ya sikio, kama kawaida. Ngozi haikutoka vipele. Zaidi ya hapo sikujua lolote.

Nilikaa mezani na vibandiko arobaini na kalamu, nikashindwa kuandika cha kwanza.

"Unangoja nini?" Mwanahawa aliuliza.

"Kibandiko kinasema nimeyapaka."

"Hukuyapaka?"

"Nimeyapaka."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Basi andika. Kuna mahali kinasema umeyanusa?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa imekaa vizuri kama hoja ya wakili. Nikaandika vyote arobaini. Nikavibandika. Nikajua kabisa nafanya nini.

Nilipanda gari la asubuhi la kwenda Mikumi na ndoo yenye chupa mapajani, zimefungwa kwenye maranda zisigongane. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. Mama Neema alikuwa na desturi yake. Hakuwa anahesabu chupa kwanza. Alikuwa ananikalisha, ananipa chai, halafu ananiuliza mafuta ya mwaka huu yanasemaje, mlangoni mpaka chumbani, kwa sababu maneno hayo ndiyo aliyowaambia wateja. Kila mwaka yanatofautiana kidogo, udongo haulingani. Nilikuwa nimeamua nitamwambia maneno ya mwaka uliopita. Nilikuwa nayarudia kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani. Mlangoni vumbi. Ukumbini mvua. Abiria aliyekaa jirani yangu alisogeza pua yake upande wa ndoo mara mbili, akanitazama, nikaogopa hata kumuuliza amesikia nini.

Mama Neema alinipokea kama kawaida. Ni mdogo kwangu, Mkristo wa Berega, na tangu nilipofiwa hakuwa ameniona.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Chai ikaja. Akakaa. Akatoa daftari dogo ambalo huandika maneno yangu ili asisahau.

"Haya, mama. Niko mlangoni."

Nikasema vumbi. Akaandika. Nikasema ni vumbi la uwanja uliofagiwa asubuhi, siyo la barabarani. Akaandika na hilo. Mkono wake ulikuwa unakwenda taratibu kwa bidii, ametoa ulimi kidogo pembeni kama mtoto wa shule, naye alikuwa anaamini kila neno. Nikaweka kikombe chini.

"Mwanangu, futa," nikamwambia. "Hayo ni ya mwaka jana. Mimi sinusi tena. Tangu eda sinusi kitu chochote."

Hakufuta. Alifunga daftari. Alichukua chupa moja kwenye ndoo, akaisoma kwanza, na niliona macho yake yanapita juu ya mwandiko wangu. Akafungua, akajipaka ndani ya kiwiko kama nilivyomfundisha miaka ile, akanusa. Akasubiri. Tukanywa chai yote. Akanusa tena, na uso wake ukabadilika.

"Mama, haya yana moshi."

Moto ulikuwa mkubwa. Mwanahawa alikuwa ameunguza udongo. Moto mdogo, moto mdogo sana, ndivyo nilivyomwambia, lakini aliyetakiwa kujua kama amesikia ni pua yangu.

"Ungeniambia ni mvua, nami ningewaambia wateja ni mvua," alisema Mama Neema polepole. "Wao wangenusa jiko. Halafu mwakani nani angesimama hapa?"

Nikarudisha ile chupa kwenye ndoo. Hakunipandishia sauti, na ingekuwa nafuu kama angefanya hivyo. Nilirudi Kilosa na chupa zote arobaini. Nyumbani niliweka maji ya moto kwenye beseni nikaanza kubandua vibandiko kimoja kimoja. Mwanahawa alikaa pembeni akinisaidia. Tulipofika kama cha ishirini alisema, "Tungeandika ni mafuta ya vuli ya jikoni." Nikamwambia anyamaze abandue. Tukacheka wote wawili, tukaendelea kubandua.

Baada ya hapo tulibadilisha namna ya kufanya kazi, na hiyo ndiyo namna mnayoijua ninyi. Mwanahawa alipaka, mimi niliuliza. Alikuja kila baada ya sala nami nikamuuliza uko wapi sasa, unaona nini, ni kavu au ni mbichi, ni ya juu ya ulimi au ya nyuma ya koo. Akisema vizuri, nilimfukuza. Mwanzo alinichukia. Alidai hata mahakamani watu hawahojiwi hivyo. Lakini ilipofika kiangazi alikuwa anajua mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasema. Kwa mfano, aligundua kwamba mrehani wetu unakuwa mchungu ukichumwa baada ya kutoa maua. Na vibandiko vikaandikwa: Yamepakwa na Mwanahawa siku tatu. Mama Neema alirudi, taratibu, kwanza akichukua chupa tano tu, naye akijipaka kila mara mbele yetu.

Mimi nilikuwa na kazi nyingine ya siri. Kila Ijumaa nilifungua ile chupa ya Baba Shani nikainusa. Nilifungua, nikasubiri, nikafunga haraka isipungue. Nilijua kabisa nafanya jambo ambalo nimewakataza wateja maisha yangu yote. Mafuta ya msimu ni ya kupakwa na kuisha. Chupa ikiwa nusu, hewa iko ndani, na ya vuli hata ukiyatuliza vipi yana maji kidogo. Wateja niliwaambia hivyo mamia ya mara. Nilijifanya hayanihusu. Nilikuwa na hofu mbili zinazogombana: kwamba pua haitarudi kabla mafuta hayajaisha, na kwamba nitakufa nikiwa sijakumbuka. Ilipita vuli, kikapita kiangazi, ikapita Ramadhani.

Ijumaa moja, masika ya pili, nilifungua na kitu kikaja.

Nilishtuka mpaka nikataka kuangusha kizibo. Nilifikiri ni panya amefia chini ya kitanda. Nikainama nikanusa chini, hakuna. Nikanusa khanga yangu, hakuna. Nikarudisha pua kwenye chupa. Ilikuwa chungu, nzito, ya mafuta ya zamani yaliyokwama kwenye kikaango. Pua yangu ilikuwa imerudi. Nilitaka kupiga kelele za furaha na mdomo ulikuwa umeshafunguka, halafu nikaelewa nilichokuwa nakinusa.

Nikamwita Mwanahawa. Alikuja na mikono yenye unga. Nikamwinulia chupa. Hakuinama kunusa. Alitazama pembeni.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Najua tangu Ramadhani. Nilikuwa nanusa ukifungua."

"Mbona hukuniambia?"

Alipangusa unga kwenye khanga yake, akapangusa tena pasipo na unga.

"Alikuwa kaka yangu, wifi. Ungeweza kuniambia mimi?"

Nilifikiri. Ninyi mnanijua, najulikana kwa kusema ukweli hata usipoulizwa. Nikamjibu kwamba nisingeweza.

Tulikaa kitandani wote wawili. Nilinusa tena, nikitafuta nyuma ya ule uchungu kama kuna mvua hata kidogo, au solusheni. Sitawadanganya. Hapakuwa na kitu kingine.

Mwanahawa akasema tuyamwage pale kwenye asmini. Nikakataa. Nikachukua unyoya wa kuku jikoni, nikapanda kwenye kigoda, nikapaka bawaba za mlango wa chumba, ya juu, ya kati, ya chini, mpaka chupa ikaisha. Nilikuwa nasikia ule uvundo kila nikivuta pumzi na sikugeuza uso. Mwanahawa alishikilia kigoda.

"Angekucheka," alisema.

"Angesema, si nilikwambia mwenye mafuta ni wewe."

Tangu hapo sikurudi kwenye kujaribu. Pua yangu imerudi kwa sehemu. Inafika mlangoni, na siku nzuri inafika ukumbini. Chumbani haijafika, na mtu asiyefika chumbani hawezi kuandika kile kibandiko. Ndiyo maana nimestaafu, siyo uzee kama mnavyosema. Asubuhi bado nanusa mto kabla sijafumbua macho.

Ninyi mna chupa zenye kigololi cha kupakia, mnapiga picha, mnauza kwa simu mpaka Morogoro na Dar, na manukato ya kiwandani mnayachanganya na ya maua. Siwagombezi. Jaribieni ndani ya kiwiko tu, chumeni umande ukishakauka, na siku mkishindwa kunusa semeni kabla hamjapewa chai. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayependa mafuta yenu, mpakeni yaishe. Msimwekee akiba.

Mlango wa chumba haulii tena. Naufungua na kuufunga, na kila mara nasimama kidogo, kwa sababu masikio yangu bado yanausubiri.